Hesabu Miguu Kwanza

Ndugu msomaji, katika lugha yetu neno "mdudu" limebebeshwa mzigo mkubwa. Inzi ni mdudu, kupe ni mdudu, nge na tandu nao ni wadudu. Mazungumzo ya kila siku hayaharibiki kwa hilo, lakini mwenye ng'ombe akiwachanganya viumbe hao, hasara huwa yake.

Wataalamu huwaweka wote katika kundi kubwa la arithropodi: wanyama wasio na uti wa mgongo, wenye miguu ya pingili na gamba gumu la nje badala ya mifupa. Gamba hilo halitanuki pamoja na mwili, hivyo kiumbe hulazimika kulivua kila anapokua. Ndani ya kundi hilo zimo koo kadhaa. Wadudu halisi wana miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo, wengi wao wana mabawa. Ukoo wa buibui, wenye nge, kupe na utitiri ndani yake, una miguu minane, hauna mabawa wala vipapasio. Kaa na kamba wana vipapasio jozi mbili. Tandu na jongoo hujulikana kwa wingi wa miguu.

Je, hesabu hii ina faida gani? Ngorongoro inatupa jibu. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi, kreta ilivamiwa na inzi wang'atao waitwao Stomoxys. Kwa umbo hufanana na inzi wa nyumbani, ila mdomo wao ni sindano ngumu iliyochomoza mbele. Simba walijaa vidonda wakashindwa kuwinda. Wengine walipanda mitini au kujificha katika mashimo ya fisi. Kutoka simba 60 hadi 75, walibaki wapatao 10 tu.

Mwaka 2000 na 2001 adui alikuwa mwingine: kupe. Ukame ulikwisha kuwadhoofisha wanyama. Nyati walikufa kwa mamia, na vifaru weusi kadhaa wakafa pia. Wafugaji walikuwa wamehamishwa kutoka ndani ya kreta mwaka 1974, na desturi ya kuchoma nyasi ikakoma. Nyasi zikarefuka, kupe wakapata makao. Kuanzia mwaka 2001 nyasi zilichomwa kwa mpango, sehemu baada ya sehemu, na kupe wakapungua.

Tazama tofauti hiyo, ndugu msomaji. Inzi yule hutaga mayai katika samadi na majani yaliyooza. Basi mfugaji wa Karatu, chini kidogo ya lango la Ngorongoro, humpiga vita kwa koleo na ufagio: zizi likauke, samadi iondolewe mapema. Kupe hutaga mayai yake ardhini, kwa maelfu. Kitoto chake hutoka na miguu sita, na hapo wengi hudanganyika. Akishajivua gamba, hupata minane. Hupanda juu ya jani la nyasi, akanyoosha miguu ya mbele na kungoja mnyama apite. Kupe wa kahawia wa masikioni ndiye aenezaye ndigana kali, ugonjwa uuao ndama wengi. Ufagio wa zizini haumfikii. Dawa yake ni josho la mara kwa mara, mkono wa kupekua masikio, na kumwita bwana mifugo mapema ndama anapopata homa na kuvimba tezi.

Nawe uishiye mjini na ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, waite watoto wako mhesabu pamoja. Miguu itawaambia ukoo, na ukoo utawaambia adui anazaliwa wapi. Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende.