DHAHABU WAENDE NAYO, SHIMO TUBAKI NALO SISI?

NDUGU msomaji, wewe kijana wa mjini unajua maana ya kuweka bondi. Ukitaka kumkopa mtu Sh 50,000 naye hakuamini sana, atakwambia acha simu yako hapa. Hatakubali kiberiti. Anataka kitu ambacho, siku ukiingia mitini, atakiuza na fedha yake irudi, na ya usumbufu juu.

Sasa tukuulize: mwekezaji anayekuja kuchimba dhahabu kwa miaka ishirini, anaacha simu au anaacha kiberiti?

Usidanganyike kwamba sheria hakuna. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Madini ya 2010 zote zinazungumzia dhamana ya kurekebisha ardhi ya mgodi. Kampuni ikiondoka au ikifilisika, Serikali iwe na fedha za kusafisha sumu, kusawazisha vifusi na kuotesha miti. Lakini sheria nzuri yenye hesabu mbovu ni danganya toto. Mchezo wote uko kwenye hesabu, na ndiyo maana vigogo hawapendi uijue.

Kampuni ikiachiwa ijikadirie yenyewe, itapiga hesabu kwa kutumia malori yake, madereva wake na mafuta yake yaliyopo pale pale mgodini. Gharama inaonekana ndogo. Lakini dhamana haikuwekwa kwa ajili ya siku kampuni ikiwa hai! Imewekwa kwa siku ikiwa maiti. Siku hiyo malori yamekamatwa na mabenki, wafanyakazi wametawanyika, umeme umekatwa. Serikali italazimika kutafuta mkandarasi wa nje, imlipie kusafirisha mitambo, imlipie wahandisi na msimamizi, naye aweke faida yake. Bei za vitu zitakuwa zimepanda, na kutakuwa na mambo ambayo hakuna aliyeyaona mapema. Hesabu halali ni ya bei ya mkandarasi huyo. Nyingine yoyote ni kiberiti.

Kuna maji pia. Mawe mengi ya dhahabu yana salfa ndani. Yakichimbuliwa yakakutana na hewa na mvua, yanatoa tindikali, na tindikali inayeyusha metali zenye sumu hadi mtoni. Haikomi siku geti linapofungwa, bali inaweza kuendelea vizazi na vizazi. Piga hesabu mwenyewe. Kama kusafisha maji hayo ni Sh bilioni 1 kwa mwaka, na fedha zilizowekwa benki zinazaa asilimia 2 baada ya kuondoa mfumuko wa bei, unahitaji Sh bilioni 50 zimelala pale siku mgodi unafungwa. Atakayekuonyesha dhamana ya bilioni 5 na kusema inatosha, mwambie akaiweke bondi kwa mwingine.

Hayo yamekwishatokea kwa wakubwa. Marekani, katika jimbo la Colorado, kulikuwa na mgodi wa dhahabu wa Summitville. Desemba 1992 kampuni yake ilifilisika na kuondoka, ikaacha maji yenye sayanidi na metali. Samaki wa mto Alamosa wakafa. Dhamana waliyoikuta haikufika hata dola milioni 10, lakini usafi umekula zaidi ya dola milioni 150 za walipa kodi.

Kanada nako, mjini Yellowknife, mgodi wa Giant ulianza kutoa dhahabu 1948. Mwaka 1999 kampuni ya Royal Oak iliyokuwa ikiumiliki ilianguka. Chini ya ardhi zilibaki tani 237,000 za vumbi la aseniki. Mwaka 2022 Serikali ya Kanada ilikadiria kwamba usafi utagharimu dola za Kanada bilioni 4.38. Hiyo ni Kanada yenye fedha na wataalamu. Je, sisi walalahoi?

Wala usiseme haya ni mambo ya wajukuu. Golden Pride ya Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa enzi hii ya wawekezaji, imekwishafungwa. Tulawaka iliishia mikononi mwa STAMICO mwaka 2013. Buzwagi ilimaliza uzalishaji 2021. Geita inachimba tangu 2000. Na sumu haisubiri kufungwa. Mei 2019 NEMC iliipiga Acacia faini ya Sh bilioni 5.6 kwa bwawa la topesumu la North Mara kuvuja. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, tope likafunika mashamba na nyumba za watu.

Tena Serikali siku hizi si mwamuzi tu, ni mchezaji. Kwa makubaliano na Barrick yaliyosainiwa Januari 2020, inamiliki asilimia 16 ya Twiga. Dhamana ikiwa kubwa, gawio linapungua. Je, atakayekadiria dhamana atamsikiliza mwanakijiji au atasikiliza Hazina inayosubiri hundi? Mkadiriaji na mdaiwa wakilala nyumba moja, mwenye shamba akae macho.

Wewe wa Kariakoo, wa Mabatini au wa Unga Limited utasema shimo liko mbali. Bili haiko mbali. Umesahau tozo za miamala ya simu za 2021? Serikali ikiishiwa inaingiza mkono mfukoni mwako, na deni la mgodi litalipwa kwa mkono huo huo.

Tunataka mambo manne. Dhamana ikadiriwe kwa bei ya mkandarasi wa nje, na mkadiriaji asiwe mtu wa kampuni wala wa Hazina. Irudiwe kukadiriwa kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa shimo linakua. Iwe fedha taslimu au dhamana ya benki imara, isiwe karatasi ya kampuni inayojidhamini yenyewe. Na hesabu nzima ibandikwe ofisi ya kijiji na kuchapishwa magazetini, mgodi kwa mgodi.

Mbunge akija kuomba kura, usimuulize kofia na fulana. Muulize mgodi wa Geita umeweka shilingi ngapi, nani alipiga hesabu, na zimelala benki gani. Akikwambia hiyo ni siri ya kibiashara, jua bondi ni kiberiti.