Mianga ya Kaskazini na Mtu Aliyeichunguza

Walimu wengine hutuuliza kama yafaa Mkristo kuchungua mambo ya mbinguni, ama ni kujitia katika siri za Mungu. Sisi twaona ya kuwa kujua namna ya kazi hakumpunguzii utukufu aliyeifanya. Basi sikilizeni habari za Kristian Birkeland, aliyezaliwa mwaka 1867 katika nchi ya Norwei.

Huko kaskazini, usiku wa baridi, mbingu hujaa mianga ya kijani na nyekundu, ikichezacheza kama pazia penye upepo. Birkeland alitaka kujua itokako. Mwaka 1899 akapanda na wenzake mlima wa Haldde, wakakaa katika nyumba ya mawe majira yote ya baridi, wakipima nguvu ya sumaku ya dunia. Msaidizi wake mmoja akafa, amefunikwa na theluji iliyoporomoka. Kazi ikaendelea.

Kisha akafanya tufe dogo lenye sumaku ndani, mfano wa dunia, akalitia katika sanduku la kioo lililotolewa hewa, akapitisha umeme. Mara mianga ikatokea kuzunguka ncha zake mbili! Akasema kwamba jua hutupa vijichembe vya umeme, na sumaku ya dunia huviongoza mpaka pande za ncha, ambako huiwasha hewa ya juu. Tena akasema mikondo ya umeme hushuka huko kutoka juu sana.

Fedha za kazi hiyo je? Mwaka 1903 yeye na Sam Eyde walipata njia ya kufanya mbolea kwa hewa na umeme, na faida yake ikamsaidia. (Wakulima na wamkumbuke.)

Lakini wataalamu wengi, hata Sydney Chapman wa Uingereza baadaye, waliikataa ile mikondo. Birkeland alikwenda Misri na Sudani kutazama mwanga mwingine; usingizi ukampotea, akazoea mno dawa ya kulalia, akafa mjini Tokyo mwaka 1917, hana jamaa karibu. Hapo twahuzunika. Katika miaka ya 1960 chombo cha Marekani kilichoizunguka dunia kiliipima mikondo ileile, nayo sasa yaitwa kwa jina lake.

Mwalimu mwenye sumaku na aifunike kwa karatasi, anyunyize juu yake unga wa chuma utokao kwenye tupa, aigongegonge polepole. Watoto wataona wenyewe jinsi mistari inavyokusanyika penye ncha.