Ukipata dinga ya mzee, usikimbilie kuipiga rangi

KILA Jumamosi nikiegesha Peugeot 504 yangu karibu na kibanda cha mama chapati, lazima mtu aniulize: "Buda, hii kitu utaipiga rangi lini?" Nimechoka kujibu nikichekacheka, kwa hivyo leo wacha nijibu kwa maandishi. Sitaipiga rangi. Na wewe unayeweka akiba ununue gari la zamani, nakusihi usipige lako pia, au angalau usianzie hapo.

Najua inavyoonekana. Boneti imepauka hadi mahali pengine rangi ya chini inachungulia. Mlango wa dereva una mkwaruzo mrefu kama fimbo. Kiti cha nyuma kimeshonwa kwa uzi usiofanana na kitambaa. Namba yake ni ile ya kitambo, herufi tatu na tarakimu tatu, haina herufi ya mwisho iliyoanza kuongezwa 1989. Kwa macho ya majirani wangu wenye Demio zilizoshuka Mombasa juzi, huu ni mkweche. Sawa tu. Ila ni mkweche unaotembea, na mimi nilishawahi kuwa na gari la zamani ambalo halikutembea tena kwa sababu yangu.

Ilikuwa Volkswagen Beetle. Nilipoinunua ilikuwa inawaka bila shida. Ningeweza kuiendesha hadi Limuru na kurudi, na nilifanya hivyo mara tatu hivi. Kisha nikaanza kutazama video za watu wa ng'ambo wanaovua gari hadi chuma tupu, wanalipaka rangi, wanalirudisha kama limetoka kiwandani asubuhi hiyo. Video ni ya dakika ishirini. Nikajiambia, kwani hawa wana mikono mingapi?

Nikaipeleka gereji fulani na kumwambia fundi maneno mawili ambayo mpaka leo yananiuma: "Fungua yote." Akafungua. Beetle imefungwa kwa bolti kwenye sakafu yake, kwa hivyo baada ya wiki mbili bodi ilikuwa huku, sakafu na magurudumu kule, na skrubu zimejaa kwenye mikebe ya maziwa. Hapo ndipo ganji ilipoisha. Nikasema nitarudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nao ukawa na mambo yake, unajua mwenyewe. Kabureta "ikaazimwa" na mteja mwingine. Taa moja ikapotea. Fundi aliyejua bolti gani inaingia wapi akahamia mji mwingine. Mwenye gereji akaanza kunidai pesa za nafasi. Mwaka haukuwa umeisha nilipouza lile ganda kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, kwa kilo. Gari lililozunguka miaka zaidi ya arobaini bila mimi, mimi nililimaliza kwa miezi kumi.

Simlaumu fundi peke yake. Nilikuwa nimeua kitu kizima nikitafuta kitu kipya. Gari ambalo halijafunguliwa hukudai kitu kimoja kimoja: leo mpira wa maji, mwezi ujao plagi, baada ya Krismasi klachi. Hayo mshahara wa kijana unaweza kuyabeba. Ukilifungua lote linakudai kila kitu siku moja, na wala hulipandi ukiwa bado unalipa.

Ya pili niliipata Njoro, kwenye boma la mwalimu aliyekuwa ameaga dunia. Nilikuwa nimeenda mazishi ya mtu mwingine kabisa. Nikaona kipande cha buti kikitokeza chini ya turubai nyuma ya ghala la mahindi, na buti ya 504 haikosewi: imeinama kidogo upande wa nyuma, kama mtu aliyeketi akashusha mabega. Kampuni ya Pininfarina ya Italia ndiyo iliyochora gari hilo. Peugeot ikalizindua 1968, na 1969 likatawazwa gari la mwaka barani Ulaya. Lakini hayo ni ya Ulaya. Hapa kwetu 504 ilishinda Safari Rally 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikarudia 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas, ingawa ile ya pili ilikuwa ya milango miwili yenye injini kubwa zaidi. Muulize mzazi wako kuhusu zile ndefu za viti vya safu tatu zilizokuwa zikibeba abiria kati ya Nairobi, Nakuru na Eldoret. Watu hawakusema "napanda matatu", walisema "napanda Peugeot". Ufaransa iliacha kutengeneza saloon zake 1983, sisi tukaendelea kuziunganisha hapa nchini kwa miaka mingi baadaye. Hii si dinga ya Wazungu tuliyorithi. Ni yetu kama vile githeri ilivyo yetu.

Sasa, sikumwendea shosho siku hiyo na bahasha. Hili nataka ulishike, kwa sababu vijana wengi hukosea hapo. Ukiingia kwa watu na neno la kwanza likawa "mnauza?", umekwisha. Nilimwamkua, nikampa pole za mume wake, nikauliza kama naweza kulitazama gari la Mwalimu. Nikalitazama, nikashukuru, nikaenda zangu. Nilirudi mara mbili. Mara ya tatu ndipo aliponiambia kwamba mwanawe mmoja anataka liuzwe kama vyuma, kwa sababu "linakula nafasi". Akaniuliza, "Wewe mwanangu, ukilichukua utalifanyia nini?" Nikasema nitaliendesha. Nadhani jibu hilo ndilo lililonipa gari, maana pesa nilizokuwa nazo zilikuwa za kuaibisha.

Na ule mkwaruzo wa mlangoni? Ni wa shosho. Mwalimu alikuwa akimfundisha kuendesha, akalipitisha gari karibu mno na nguzo ya lango la kanisa. Mwalimu alikataa katakata kuuziba. Kila walipokorofishana alikuwa akiuonyesha kwa kidole bila kusema neno. Shosho aliponisimulia alicheka hadi akashika nguzo ya veranda. Hebu niambie, hapo nichukue puti na msasa nianze kusugua?

Kabla hujaenda kusaka lako, kuna jambo lisilovutia lakini ndilo linalovunja watu moyo: logibuku. Magari mengi ya aina hii bado yako kwa jina la marehemu. Makubaliano ya mdomo na mjane, hata mkinywa chai pamoja, hayakufanyi mwenye gari. Familia lazima iwe na hati ya mahakama inayompa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, kisha huyo ndiye anayekuhamishia gari kwenye mfumo wa NTSA. Kwangu ilichukua muda mrefu kuliko matengenezo yote, na kuna siku nilitaka kuachana nayo. Lakini bila hiyo unaendesha gari la mtu aliyelala kaburini, na siku ndugu wakikosana, wewe ndiwe utakayeitwa mwizi.

Kwenye gari lenyewe, sahau rangi, lala chini. Nunua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, uipitishe kwenye fenda na chini ya milango. Ikikataa kushika, hapo si chuma, ni puti, na mtu amekuficha kitu. Hii ndiyo sababu napenda gari lisilowahi kurekebishwa: kutu yake iko wazi, unaiona na kuipigia hesabu. Lililopigwa rangi nzuri mwaka jana ndilo la kuogopa. Inua zulia, bonyeza sakafu kwa dole gumba. Kama ni Beetle, toa kiti cha nyuma utazame chini ya betri, kwa sababu asidi hula chuma hapo polepole mpaka siku moja betri inataka kushuka barabarani.

Na tafadhali, gari lililolala miaka usilipige stati siku ya kwanza mbele ya watu ili wapige makofi. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya kila silinda, liache usiku kucha, kisha izungushe injini kwa mkono. Mwaga petroli ya zamani yote. Inanuka kama rangi ya viatu, na uchafu wa tangi utaziba kabureta. Breki usiziamini hata kidogo. Langu lilikuja Nairobi likiwa mgongoni mwa lori, sioni aibu.

Hapa lazima nifafanue, maana najua kuna mtu atasema ninahubiri uzembe. Kuacha gari lilivyo hakumaanishi kuacha breki zilivyo. Vitu vya kuzuia kifo vyote vilinunuliwa vipya: breki, mipira ya petroli na magurudumu. Tairi inaweza kuwa na meno yote na bado ni mzee wa kukuua. Tazama ubavuni kuna tarakimu nne; ukisoma 1407, ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2007. Zangu zilikuwa nzima kwa macho, lakini umri wake ungeweza kuchukua kitambulisho. Kutu iliyokuwa imefika kwenye sakafu niliichomelea chuma kipya pia. Nilichokataa kugusa ni kile ambacho hakimdhuru mtu: rangi, viti, dashibodi iliyopasuka, kibandiko cha chama cha akiba cha walimu kilichokauka kwenye kioo.

Wapo wanaopinga, na si watu wa kupuuzwa. Nenda Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse uone magari yanavyong'aa hadi chini ya tumbo. Waamuzi wanalala chali kuyakagua. Ni kazi ya kuheshimika, na baadhi ya hizo dinga zingekuwa zimeoza kama hangetokea mtu wa kuzifufua. Gari lililokwisha kuoza, fufua tu. Lakini lililo zima lina kitu ambacho ukikitoa hakinunuliki tena Grogan wala kwingineko. Hata Pebble Beach kule California, mashindano ya matajiri wenyewe, yametenga kundi la magari ambayo hayajawahi kurekebishwa, na yanatuzwa kwa kubaki yalivyo. Sisi bado tunaona aibu kwa sababu tumefundishwa kwamba kitu kilichochakaa ni dalili ya kukosa.

Na pengine hapo ndipo pananiwasha zaidi. Kijana wa Nairobi anachukua mkopo wa miaka minne anunue gari ambalo kila mtu analo, kisha anashinda akiogopa mkwaruzo. Mimi mkwaruzo nilikuja nao. Naegesha Gikomba nalala usingizi, ingawa haki ya Mungu sijasema maisha ni rahisi. Inakunywa petroli kuniliko mimi na chai. Kampuni nyingi za bima hazitaki kusikia habari za bima kamili kwa gari la umri huo, kwa hivyo nina ile ya kumlinda mtu mwingine tu. Imewahi kunizimia Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni, na matusi niliyopokea siku hiyo sitayaandika hapa. Kama ndilo gari lako la pekee la kukupeleka kazini, usinunue. Panda matatu siku za wiki, hii iwe ya Jumamosi.

Lakini Jumamosi yenyewe! Juzi nilitoka Naivasha nikaamua kupanda ule mwinuko wa Mai Mahiu, nikabadilisha gia kwa ile fimbo ya kwenye usukani, ya pili, ya tatu, rudi ya pili, madirisha yote wazi, bonde lote la Rift upande wa chini. Sikuwa na haraka, na hata ningekuwa nayo isingesaidia. Nilipoegesha kwenye vibanda vya juu, dereva wa trela mwenye mvi akashuka, akaizunguka mara mbili, akaweka kiganja kwenye boneti iliyopauka kama mtu anayepima joto la mtoto. Akaniambia alianza kazi ya udereva na gari kama hilo, Nakuru hadi Nairobi mara tatu kwa siku. Tukasimama pale karibu saa nzima. Hakuniuliza kuhusu rangi. Aliomba tu aketi kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akanyamaza.

Wenye Demio, mmewahi kuombwa hivyo?

Jumamosi hii mama chapati asinisubiri. Mjukuu wa shosho anaolewa Njoro, na shosho amepiga simu kwamba haendi kanisani kwa gari lingine lolote ila la Mwalimu. Nimeshabadilisha mpira wa feni, nimejaza maji, nimepanguza vioo. Kanisa ni lile lile, na lango bado ni lile lile jembamba.