Mlima Elgon: Mtalii na mwanawe, mchuuzi na mwanawe

Na Mwandishi Wetu

MTALII akipanda Mlima Elgon na mwanawe, wakalala hemani kando ya mwamba, huitwa mgeni na hupewa askari wa kumlinda. Mama wa Bukwo akikatiza msitu huo huo na mwanawe, kila mmoja na mzigo kichwani, giza likawakuta njiani wakajilaza kando ya mwamba huo huo, huitwa mvamizi. Kinachowatenga ni risiti.

Jambo hili linawagusa zaidi waliorejea makwao baada ya machafuko, pamoja na wale ambao riziki yao iko Suam, Lwakhakha na Malaba.

Elgon ni volkano ya kale iliyo nusu Kenya nusu Uganda. Kilele chake cha juu, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Kenya ilitangaza hifadhi ya taifa upande wake mwaka 1968, Uganda ikafuata mwaka 1993. Hapo ndipo matatizo yalipokomaa. Wabenet, wafugaji wa siku nyingi wa nyanda za juu, walikuwa wametengewa hekta 6,000 mwaka 1983. Mipaka ilipopimwa upya, wengine wakajikuta ndani ya hifadhi. Oktoba 2005 Mahakama Kuu iliyokaa Mbale iliwatambua kuwa wenyeji wenye haki ya kukaa, lakini mwaka 2008 wengine walifukuzwa tena. Mtoto aliyekuwa akifuata ng'ombe wa baba yake na kulala naye malishoni aligeuka mhalifu bila kuhama hata hatua moja.

Biashara nayo ina historia yake huko juu. Wazee wa Bungoma hawajasahau Chepkube. Baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ikapaa duniani, na kahawa ya Uganda ikaanza kumiminika Kenya kwa magendo, juu ya punda na juu ya vichwa vya watu, huku askari wa Idi Amin wakiwawinda wabebaji. Familia nzima zilitembea usiku. Wapo waliotajirika, na wapo ambao hawakurudi.

Halafu ikaja vita ya wanamgambo wa SLDF, iliyotokana na ugomvi wa mashamba ya Chebyuk. Kati ya mwaka 2006 na 2008 zaidi ya watu 600 waliuawa na maelfu wakakimbia, baadhi yao wakivukia Uganda. Hawa waliporudi, njia za mlimani walizijua kwa miguu yao. Kumwambia mtu kama huyo kwamba njia iliyookoa wanawe ni marufuku kunahitaji maelezo zaidi ya kibao cha onyo.

Mamlaka za hifadhi zina hoja. Majangili na wakata miti hupita humo humo, na askari hawezi kujua gizani nani amebeba vitunguu na nani pembe. Lakini Uganda yenyewe imeonyesha kwamba suluhu ipo: kwa mapatano na vijiji, wenyeji huruhusiwa kuingia kuchuma maleewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyapenda Wagisu. Kama ruhusa ya mianzi inawezekana, ruhusa ya mpita njia haishindikani. Mwandishi huyu haoni kwa nini nchi mbili za Jumuiya moja zisitoe kibali kimoja kwa mzazi na mwanawe.

Anayetaka kupanda kihalali ana njia kadhaa. Ile ya Sasa kutoka Budadiri ni fupi na kali. Ya Piswa kutoka Kapkwata ni ndefu na pole, na ndiyo inayomfaa mtoto. Usiku baridi hugandisha maji. Mtoto akilalamika kichwa na kutapika akiwa juu, asibembelezwe apande zaidi, ateremshwe. Masika yaepukwe: maporomoko yaliua mamia Bududa Machi 2010, yakarudi 2018, na Novemba 2024 yakaikumba Bulambuli.

Mapango ndiyo yanayowavutia watoto, hasa Kitum upande wa Kenya, ambako ndovu huingia kuchimba chumvi. Ni mahali pa ajabu kweli. Lakini mwaka 1987 kijana wa miaka 15 aliyelizuru pango hilo na familia yake alikufa kwa homa ya Marburg, inayobebwa na popo. Oktoba 2017 homa hiyo ilizuka wilayani Kween, ikaua watu watatu wa familia moja. Mmoja wao alikuwa amevuka kwenda Kenya akiwa mgonjwa. Mzazi asimlaze mtoto pangoni hata mvua ikinyesha, na homa ikimpata baadaye, daktari aambiwe habari za pango.

Tangu barabara ya Kapchorwa hadi Suam itiwe lami, wachuuzi wengi hawana tena haja ya kulala msituni. Wanaobaki ni wa vijiji vya juu, na watembeaji. Kwenye kalidera hakuna ofisi ya uhamiaji: anayepanda kutoka Uganda akashukia Kenya bila kupitia uhamiaji hana tofauti na mlanguzi mbele ya polisi. Wakubwa huvuka kwa kitambulisho tangu mwaka 2014, lakini mtoto wa Kenya hapewi kitambulisho kabla ya miaka 18. Karatasi zake ziulizwe pale Suam kabla ya kupanda.