Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne: Madarasa Tunayo, Tunadai Yaliyobaki



 Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako mjini na kuja kwenye mahafali haya huku pembezoni mwa Manispaa ya Songea, ambako lami inaishia kabla hujaliona geti la shule. Tulipokabidhiwa kazi ya kuandika risala hii tuliambiwa tuseme ukweli kwa adabu. Ndivyo tutakavyofanya.

Serikali imefanya makubwa na hatutayapita kimya. Shule ya kata kama hii isingekuwepo bila Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na bila wazazi waliosomba mawe, mchanga na matofali. Ada ya shilingi 20,000 iliyokuwa ikiwarudisha kaka na dada zetu nyumbani ilifutwa kuanzia Januari 2016. Mwaka 2021 zikaja fedha za UVIKO-19, yakajengwa madarasa 12,000 ya sekondari nchi nzima, na sisi ndio tulioyafungua ya hapa kwetu Januari 2022. Tumesoma humo miaka minne, kila mtu na kiti na meza yake. Malalamiko yetu yanaanzia pale kengele inapolia na mwalimu haingii.

Mwalimu wa Hisabati tunaye mmoja, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na huyo huyo ndiye anayetufundisha Fizikia. Tunampenda, na tunamwonea huruma anapotoka darasa moja kwenda jingine na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Tulipokuwa kidato cha tatu wazazi walichangishana wakampata kijana wa kujitolea. Alifundisha vizuri mno. Michango ilipokauka akaondoka, tukiwa katikati ya mada ya Trigonometria, na mada hiyo tukaimalizia kwenye madaftari ya waliotutangulia. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne wa mwaka 2023, waliofaulu Hisabati nchi nzima walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Mtoto akipata sifuri katika hali kama yetu, si haki kumwita mvivu.

Tunadai walimu wawili wa Hisabati na mmoja wa Fizikia kabla shule hazijafunguliwa Januari. Hadi watakapoletwa, Halmashauri iwalipe walimu wa kujitolea kutoka mapato yake ya ndani. Vijana waliosomea ualimu wa masomo hayo wapo humu humu Songea, wengine wanaendesha bodaboda tunazopanda.

Maabara nazo zina historia ndefu. Rais Kikwete alipoagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, wazazi wetu walichanga hadi kuuza mahindi ya akiba. Vyumba vikasimama, lakini vifaa havikuja. Viwili ni madarasa ya kawaida na cha tatu ni stoo. Wiki hizi tunajiandaa kwa mtihani wa vitendo wa Kemia, na wengi wetu ndio kwanza tumeshika bureti. Iliyopo ni moja, bomba lake linavuja, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Tunapanga foleni, kila mtu anafungulia matone machache, anaachia nafasi mwenzake. Mheshimiwa, daktari wa kesho wa Hospitali ya Mkoa yumo kwenye foleni hiyo.

Tuje kwenye michezo, ambako tutakaa kidogo, kwa sababu ndiko tunakoambiwa tusilalamike. Songea ni mji wa Majimaji, Wanalizombe, timu iliyowahi kuutwaa ubingwa wa nchi. Huku pembezoni watoto bado wanautaka mpira kuliko chakula. Kiwanja chetu kilikuwa kamili. Kadiri mji unavyopanuka na watu wanavyouziana viwanja, kimeliwa kidogo kidogo: upande wa mashariki kuna msingi wa nyumba, kwenye kona ya kusini mtu amepanda mahindi hadi pale ambapo zamani palikuwa na kibendera, na bodaboda wamejikatia njia katikati ya goli na goli. Mwenzetu mmoja, mlinda mlango, aligongwa na pikipiki akifuata mpira. Mguu umepona ila hajarudi langoni. Walimu wakiwakataza waliovamia, wanaulizwa swali moja: hati iko wapi? Shule haina hati miliki, na ombi lililopelekwa ofisini halijajibiwa. Tunataka eneo lote la shule lipimwe, liwekewe mawe ya mipaka na kupewa hati. Msingi ule usiruhusiwe kupandishwa hata tofali moja.

Wasichana hawana kabisa uwanja wa netiboli wenye pete. Timu yetu ya UMISSETA hufanya mazoezi kwa kurushiana mpira, ikifika kwenye mashindano inaonekana haijui kufunga. Zaidi ya hapo, ratiba ina vipindi vya michezo na klabu, lakini ukifika kidato cha tatu vipindi hivyo vinageuzwa kuwa vya majaribio. Hatukatai majaribio. Tunasema mchana mmoja kwa wiki uheshimiwe, wa mpira, wa mdahalo, wa skauti, wa lizombe na kioda. Mchana kama huo ungetosha hata kwa ziara: Makumbusho ya Vita vya Majimaji yako mji huu huu, mahali wanapokumbukwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na wapo kati yetu wanaohitimu leo bila kuwahi kuingia humo. Historia ya babu zetu tumeisoma kwenye kitabu kimoja watu wanane.

Tunajua jibu litakuwa fedha. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika shuleni ni 12,500, haizidi 1,050 kwa mwezi. Hapo utoe chaki, karatasi za mitihani, umeme na mlinzi. Kiwango hicho kipandishwe, na mgawanyo wake ubandikwe ubaoni wazazi wausome.

Chakula cha mchana tumekiacha karibu na mwisho, ingawa ndicho kinachouma kila siku. Ruvuma inalisha mikoa mingine kwa mahindi, na magari ya mizigo yanapita hapa barabarani yakiwa yamesheheni. Lakini saa nane mchana kuna watoto wanaokaa chini ya mwembe wakitazama wenzao wakila makande, kwa kuwa kwao debe la mchango halikupatikana. Tunaomba Bodi ya Shule iamue leo kwamba hakuna mtoto atakayenyimwa sahani, na Halmashauri izibe pengo hilo. Jiko nalo linatumia kuni, wakati taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekwisha agizwa kuziacha.

Mwisho, tunaomba hosteli ya wasichana. Wanaotoka mbali wamepanga magheto mitaani, wanajipikia, wanajilinda wenyewe. Waraka wa mwaka 2021 ulimruhusu msichana aliyejifungua kurudi masomoni, tunaushukuru. Kitanda salama kingewaepusha wengi na kuuhitaji waraka huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tunaondoka. Wadogo zetu wanabaki, na madai haya ni yao. Tunaomba katika hotuba yako ya leo, mbele ya wazazi wetu, utaje lipi litafanyika, lini, na nani wa kuulizwa.