Kabla ya Kuchagua Meli, Mtazame Mama Atakayeipanda



Mwezi huu naandika juu ya jambo ambalo zamani lisingefika katika ukurasa wetu: safari ya mapumziko kwa meli ya kitalii. Usicheke. Wengi wetu siku hizi tuna mtoto au ndugu anayeishi Marekani au Kanada, na hao wakishapata riziki yao huanza kufikiri watamshukuruje mzazi aliyewasomesha. Wengine hujenga nyumba, wengine hununua ng'ombe. Lakini wale wanaoishi kando ya Pasifiki, huko Seattle, Vancouver au Los Angeles, huziona meli zile nyeupe, kubwa kuliko hoteli, zikitoka bandarini, nao husema moyoni, "Na mama apande ile."

Ni wazo jema. Hata hivyo, nimeona kwa macho yangu jinsi lilivyokaribia kuvunja amani katika nyumba ya mdogo wangu, na ndiyo sababu naandika.

Mdogo wangu anaishi Tacoma pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Mwaka 2023 mama yetu, aliyekuwa na miaka 71, alikwenda kuwaona wajukuu, nami nikamsindikiza. Wao walikuwa wameweka akiba zaidi ya mwaka mzima, na sehemu kubwa ilikuwa fedha za zamu za usiku za mdogo wangu. Akaichagua meli kwa picha: bwawa la kuogelea juu kabisa, ngazi zinazometameta, meza ya chakula isiyo na mwisho. Akalipa arubuni ya watu 6, safari ya siku 7 kutoka Seattle hadi Alaska na kurudi Seattle. Zikiwa zimebaki wiki chache tu, tukaulizwa viza za Kanada, ya mama na yangu.

Kanada? Sisi tulikuwa tunakwenda Alaska, nayo ni Marekani!

Basi mama mwenzangu, jambo hili lijue mapema, maana vijitabu vyenye picha nzuri hulitaja kwa maandishi madogo. Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayokataza meli za nchi nyingine kubeba abiria kati ya bandari zake bila kugusa nchi ya kigeni. Nazo meli kubwa za kitalii karibu zote zimeandikishwa nje, Bahamas, Panama, Bermuda na kwingineko. Kwa hiyo meli inayotoka Seattle na kurudi Seattle ni lazima iguse Kanada, na mara nyingi hupita Victoria, jioni moja, kwa saa chache tu. Sheria hiyo ina nguvu kiasi kwamba mwaka 2021, Kanada ilipozifunga bandari zake kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria ya muda ndipo meli ziweze kwenda Alaska.

Mdogo wangu na mumewe wana hati ya ukaazi wa kudumu, ile wanayoiita kadi ya kijani, na kwa hati hiyo pamoja na pasi zao Kanada haiwadai viza. Sisi wenye pasi ya nyumbani na viza ya matembezi tulidaiwa. Muda wa kuomba haukutosha. Safari ikafutwa, na arubuni haikurudi.

Sitaeleza yote yaliyosemwa jikoni usiku ule. Shemeji yangu ni mtu mpole, lakini alikaa siku 3 hasemi neno mezani ila kuomba chumvi. Mdogo wangu akalia, akisema amefanya kazi bure. Mama ndiye aliyewaita wote wawili, akawaambia, "Msigombane kwa ajili ya meli ambayo mimi sikuiomba."

Baada ya hapo tukaketi upya, safari hii tukianza na mama mwenyewe. Ana karatasi gani mkononi? Magoti yake yanaweza nini? Bahari itamfanyaje? Picha za meli tulizifunika kwanza.

Kwa upande wa karatasi tuligundua njia ya kusini. Kuna meli zinazotoka Los Angeles, Long Beach au San Diego kwenda pwani ya Meksiko na kurudi. Zile za siku 7 kwa kawaida hufika Cabo San Lucas, Mazatlán na Puerto Vallarta, na zile fupi za siku 3 au 4 huishia Ensenada. Meksiko imekuwa ikiwapokea wageni wenye viza halali ya Marekani bila kuwataka viza yake. Viza yetu ilituruhusu kuingia Marekani zaidi ya mara moja, na hilo ni jambo la kuangalia sana, kwa kuwa ukishatoka unahitaji mlango wa kurudia. Masharti haya hubadilika. Uliza ubalozini na uulize kampuni ya meli, upate jibu kwa maandishi, kabla hujatoa hata senti moja.

Tulikwenda mwezi wa Oktoba. Kiangazi na mwanzo wa vuli ndiyo majira ya dhoruba kubwa katika Pasifiki ya mashariki, kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Novemba, nasi tulijua kwamba nahodha anaweza kuruka bandari moja na tusidai kitu, maana mkataba humruhusu. Mwenye nafasi na aende Januari au Februari. Wakati huo hata nyangumi huonekana katika ghuba ya Puerto Vallarta. Tena tulifika Los Angeles siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haimngoji mtu.

Sasa habari ya vyumba, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo akina mama wengi hukosea kwa kutaka nafuu. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja, ikihesabiwa kwamba wako wawili chumbani. Mjane anayesafiri peke yake huweza kutozwa karibu bei ya watu wawili; mtafutie dada au binti wa kulala naye. Chumba cha watu wanne hushusha gharama, na wakala alitushauri tumweke mama pamoja na mdogo wangu, mumewe na mtoto mmoja. Mzungu yule hakuwa na kosa, hakujua. Mkwe atalalaje chumba kimoja na mkwewe, kitanda cha juu na cha chini, na mlango wa bafu uko hapo hapo? Mama angekaa siku zote 7 na kitenge chake mabegani. Tukachukua vyumba viwili vinavyopakana, mimi na mama kimoja, wao na watoto cha pili. Tuliokoa fedha kwa kuacha roshani na kuchukua chumba chenye dirisha tu.

Na chumba kiwe wapi? Katikati ya meli, ghorofa za chini. Meli ni kama ubao wa pembea ya watoto: ncha zake ndizo hupanda na kushuka, katikati hutikisika kidogo. Mama yetu hulewa hata kwenye basi la milimani, kwa hiyo hatukutaka chumba cha mbele, ingawa kilikuwa na bei nzuri. Kisha omba ramani ya ghorofa za meli, uangalie juu na chini ya chumba chako kuna nini. Chini ya bwawa utasikia viti vikiburutwa alfajiri. Juu ya ukumbi wa dansi utasikia ngoma hadi usiku wa manane, na kama mama yako ni kama wangu, utasikia na maoni yake juu ya ngoma hizo.

Kwenda kusini bahari ilikuwa shwari. Kurudi, tulikuwa tunakata upepo na mawimbi ya Baja California, na siku hiyo mama alikula mikate mikavu na chai ya tangawizi tuliyobeba wenyewe. Mzee anayetumia dawa za presha aulize daktari wake kwanza kuhusu vidonge vya kuzuia kichefuchefu. Na hizo dawa za presha ziwe katika mkoba wa mkononi! Mizigo mikubwa huchukuliwa na wapagazi pale bandarini, nayo huweza kufika chumbani baada ya saa nyingi.

Kosa letu la pili lilikuwa Cabo San Lucas. Hatukujua kwamba pale meli kubwa haifungwi gatini. Hutia nanga nje, na abiria hushushwa kwa mashua. Mashua inapanda na kushuka, wewe unavuka kwa hatua moja huku mabaharia wamekushika mikono. Kwa kijana ni mchezo. Mama alitazama mara moja, akashika magoti yake, akasema, "Nendeni." Nilibaki naye. Tuliketi kwenye sitaha tukitazama ule mwamba maarufu wenye tundu kama lango mwishoni mwa rasi, naye akanisimulia jinsi baba alivyomposa. Sikuwahi kuisikia habari hiyo yote. Hata hivyo, mzee akinunuliwa safari ya bandari tatu na ashindwe kushuka moja, ni hasara, nayo huepukwa kwa swali moja tu kwa wakala: bandari zipi ni za gati, na zipi ni za mashua? Mazatlán na Puerto Vallarta zina gati. Pale Puerto Vallarta mama alitembea taratibu kando ya bahari hadi kanisa lile la Guadalupe lenye taji juu ya mnara, akapumzika ndani, akarudi amefurahi.

Kuhusu fedha nitasema machache. Bei ya tikiti si bei ya safari. Kampuni nyingi kubwa hutoza bakshishi ya wahudumu kila siku kwa kila mtu, hata mtoto, na mara nyingi ni kati ya dola 15 na 20. Zidisha kwa watu 6 na siku 7 uone. Vinywaji vingi na matembezi ya bandarini hulipiwa mbali. Na msimpandishe mzee melini bila bima ya matibabu inayogharimia hata kumtoa baharini kwa helikopta. Meli ina daktari, lakini hatibu bure.

Viza za Kanada tuliziomba kwa utaratibu, bila haraka, na Juni 2025 tukakwenda Alaska. Safari hii tulitokea Vancouver, wala si Seattle, nami nitakuambia sababu. Meli za Seattle kwa kawaida hupita nje ya Kisiwa cha Vancouver, katika bahari kuu. Zile za Vancouver hupita ndani, kati ya kisiwa na bara, kwenye maji yaliyokingwa, na sehemu iliyo wazi hudumu saa chache tu. Njiani kuna mlango mwembamba uitwao Seymour Narrows, ambapo mwamba uliozamisha meli nyingi ulilipuliwa kwa baruti mwaka 1958. Kwa mtu anayelewa bahari, nauli ya kufika Vancouver ilistahili. Ukaguzi wa kuingia Marekani hufanywa hapo hapo Vancouver kabla ya kupanda. Beba subira na kiti cha kukunja.

Kama Alaska ndiyo chaguo lenu, tazameni kama ratiba ina Glacier Bay. Ni hifadhi ya taifa, na meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia ni 2 tu kwa siku, kwa hiyo si kila kampuni ina nafasi. Huko hakuna kushuka kabisa. Meli husimama mbele ya ukuta wa barafu, na mwenye magoti mabovu huona sawa na mwenye magoti mazima. Skagway nayo ni nzuri kwa wazee, kwa sababu ya treni iliyojengwa kati ya 1898 na 1900, wakati wa mbio za dhahabu. Inapanda karibu mita 900, na abiria amekaa tu dirishani. Safari nyingine za treni hiyo huvuka mpaka kuingia Kanada, basi pasi iwe mkobani. Ketchikan hunyesha zaidi ya mita 3 za mvua kwa mwaka, hivyo koti la mvua ni bora kuliko nguo mpya. Hata Juni tulivaa sweta.

Tulipompigia mama simu kumwambia kwamba Alaska imewezekana, hakuuliza habari za barafu wala nyangumi. Aliuliza kama watamshusha tena kwa mashua. Nilimjibu kwamba Juneau, Skagway na Ketchikan kwa kawaida meli hufungwa gatini, nasi tumeuliza kwa maandishi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na yule mkwe wangu, chumba chake kiko upande gani?"