JUA MACHONI MWA DEREVA



Wengi wetu wa Eastlands hudhani kwamba jua la asubuhi halimsumbui dereva, kwa kuwa aendapo mjini liko mgongoni pake. Hiyo ni nusu ya habari. Dereva wa basi au matatu akishateremsha watu mjini hurudi mbio kuchukua wengine, na hapo Jogoo Road yamwelekeza mashariki, jua machoni. Jioni mambo hugeuka: arudipo mjini, jua la magharibi lamkabili.

Hapa Nairobi tuko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza karibu saa 12.30 asubuhi, wakati barabara zimejaa. Saa hizo hizo wafanyakazi wa Maringo na Jericho waivuka Jogoo Road kwa miguu kwenda Indastria. Gari likienda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliyepofushwa kwa sekunde 3 amekwenda mita 40 na zaidi bila kuona mtu.

Basi madereva, pangusa kioo cha mbele, ndani na nje, kabla ya kutoka, maana vumbi na mafuta huzidisha mng'ao. Punguza mwendo, acha nafasi mbele yako, washa taa. Nawe uendaye kwa miguu, tazama kivuli chako: kikielekea gari linalokuja, fahamu kwamba dereva yule ana jua machoni, na huenda hakuoni.

Lakini hatutakubali mzigo wote atwishwe dereva. Kioo kilichokwaruzika na waipa zilizokwisha ni kazi ya mwenye gari. Tena dereva anayedaiwa hesabu ile ile kila siku, atapunguzaje mwendo? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke vyombo na mpango wa kazi katika hali ya usalama, na gari ndipo mahali pa kazi pa dereva.

Kwa hiyo, mwanachama mwenye kioo kibovu asinung'unike stendi tu. Aandike, atie tarehe, ampe msimamizi, na nakala ailete ofisini kwetu. Ajali ikitokea, jua halitaitwa kortini, ataitwa dereva. Karatasi ile itaonyesha nani aliambiwa mapema na hakutengeneza.